Kando ya Pafu: Istilahi za Picha ya Kifua Ipigwayo Kitandani

Katika wodi ya wagonjwa mahututi picha ya kifua ni miongoni mwa picha zipigwazo mara nyingi zaidi. Mgonjwa wa wodi hiyo hawezi kupelekwa kwenye chumba cha eksirei bila hatari: ana mipira ya dawa mishipani, anapumulishwa kwa mashine, na pengine shinikizo la damu yake laporomoka kwa kugeuzwa ubavu tu. Kwa hiyo mashine ndiyo imwendeayo mgonjwa, badala ya mgonjwa kuiendea mashine. Makala hii yakusudia kuyachunguza maneno ya Kiswahili yatumiwayo katika kuieleza picha hiyo, na hasa kuonyesha kwamba baadhi ya maneno tuliyoyazoea huchanganya mambo ambayo picha yenyewe imekwisha kuyatenganisha, na ambayo tiba zake ni mbalimbali.

Huenda msomaji akauliza kuna haja gani ya kujishughulisha na jambo hili, iwapo taarifa ya picha huandikwa kwa Kiingereza na kusomwa na daktari aliyesoma kwa Kiingereza. Jibu ni kwamba taarifa hiyo haikai katika karatasi. Daktari humweleza muuguzi wa zamu, muuguzi wa zamu humweleza mwenzake ajaye usiku, na mmoja wao hutoka nje akawaeleza ndugu waliokaa kwenye benchi, ambao hutakiwa kutia sahihi ili mgonjwa wao atobolewe ubavu. Katika safari hiyo yote lugha ni Kiswahili. Ikiwa neno ni pana mno, kosa halitaonekana katika karatasi, litaonekana kitandani.

Neno "mahututi" lenyewe ni mfano wa awali. Katika matumizi ya kawaida mahututi ni yule aliye ukingoni mwa kufa, na ndivyo jamaa wanavyolielewa wanapoambiwa kwamba mzee wao amepelekwa huko. Lakini katika hospitali neno hili limekuwa jina la daraja la uangalizi: mtu aliyetoka kupasuliwa moyo na anayetarajiwa kurudi wodi ya kawaida kesho kutwa, naye huwekwa humo. Sidhani kwamba yafaa kulibadili, maana limekwisha kuenea. Ila yafaa wahudumu wajue kuwa wanapolitumia kwa maana ya pili, msikilizaji bado analo la kwanza moyoni.

JINA LA PICHA

Mnamo Novemba 8, 1895, Wilhelm Conrad Röntgen, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Würzburg, Ujerumani, aligundua mionzi asiyoijua asili yake, akaipa herufi X, ambayo katika hesabu husimama badala ya kitu kisichojulikana. Wajerumani waliiita kwa jina lake. Waingereza walishika ile herufi. Nasi tukatohoa kutoka kwa Waingereza tukapata "eksirei". Neno hili limekaa vizuri katika ulimi wetu, ila limebebeshwa mizigo mingi. Eksirei ni mionzi, eksirei ni mashine, eksirei ni chumba ("nenda eksirei"), na eksirei ni picha iliyotoka ("lete eksirei yake"). Katika mazungumzo muktadha hutuokoa. Katika istilahi ni afadhali kusema "picha ya eksirei" kwa ile inayosomwa na "mashine ya eksirei" kwa ile inayopiga. Neno "mionzi" peke yake halifai mbele ya jamaa, kwa kuwa wengi wamelisikia katika habari za tiba ya saratani. Ukisema mgonjwa wao "atapigwa mionzi" watadhani umewaficha ugonjwa mwingine.

Mashine iendayo kitandani huitwa na Waingereza kwa neno lenye maana ya kitu cha kubebwa. Tukifasiri neno kwa neno tutapata "eksirei ya kubebeka", nasi tutakuwa tumerithi uongo mdogo, kwani nyingi za mashine hizo zina uzito wa mamia ya kilo na husukumwa kwa magurudumu. Zipo siku hizi nyingine ndogo ambazo mtu mmoja aweza kuzichukua mkononi. Basi ya kwanza na iitwe "ya kusukumwa" na ya pili "ya kubebwa", na Kiswahili kitakuwa kimesema kweli pale ambapo lugha iliyotupa dhana haikusema.

Jambo kubwa zaidi ni upande ambao mionzi huingilia. Mtu awezaye kusimama hukabiliana na bamba la kupokea picha, kifua kikiligusa, na mionzi humwingia mgongoni kutoka umbali wa kama sentimita 180. Mgonjwa aliyelala chali hawezi hivyo. Bamba huingizwa chini ya mgongo wake, na mionzi hutoka juu, kutoka umbali wa kama mita moja, ikaingia kifuani na kutokea mgongoni. Picha ya kwanza tuiite "nyuma-mbele" na ya pili "mbele-nyuma", kwa kufuata mwendo wa mionzi. Tofauti hii si ya jina tu. Msomaji aweza kuijaribu usiku kwa taa na mkono wake: mkono ukiukaribia ukuta, kivuli huwa cha kadiri ya mkono wenyewe, ukiikaribia taa, kivuli hupanuka. Moyo umekaa upande wa mbele wa kifua. Katika picha ya mbele-nyuma uko mbali na bamba na karibu na chanzo cha mionzi, kwa hiyo huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Tena mgonjwa aliyelala hawezi kuvuta pumzi akaijaza kifuani kama aliyesimama. Kiwambo, yaani ule msuli utenganishao kifua na tumbo, hupanda juu na kuusukuma moyo ukalala kiubavu, ukazidi kuonekana mpana.

Kwa mtu mzima aliyesimama, kanuni ya kawaida ni kwamba upana wa moyo usizidi nusu ya upana wa kifua. Kanuni hiyo haitegemeki katika picha ya kitandani. Kwa sababu hiyo napendekeza tutofautishe semi mbili: "moyo waonekana mpana", ambayo ni habari ya picha, na "moyo umepanuka", ambayo ni habari ya mgonjwa. Jamaa akiambiwa la pili hali ushahidi ni wa la kwanza, atarudi nyumbani na ugonjwa wa moyo ambao hakuna aliyeuthibitisha.

Kuhusu hofu ya madhara, maneno machache yatosha. Picha moja ya kifua humpa mtu mzima kiasi cha kama milisiveti 0.02 za mionzi, hali mionzi ya asili itokayo ardhini, angani na katika chakula humpa binadamu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Yaani picha moja ni sawa na kama siku tatu za kuishi tu duniani. Muuguzi aliyesogea mita mbili au zaidi kutoka kwa mgonjwa wakati wa kupiga hupata sehemu ndogo sana ya kiasi hicho, na kuvaa joho la risasi ni tahadhari juu ya tahadhari. Neno "kukimbia mionzi", litumiwalo kwa mzaha mashine inapoingia wodini, limeeneza woga kuliko mionzi yenyewe.

KIVULI CHEUPE

Hapa tunakutana na kitendawili. Katika Kiswahili kivuli ni cheusi. Lakini katika picha ya eksirei pale mionzi ilipopita bila kizuizi, kama katika hewa ya mapafu, panakuwa peusi. Na pale ilipozuiwa, kama kwenye mfupa au maji, panakuwa peupe. Kwa kanuni za fizikia mahali palipozuiwa mionzi ndipo penye kivuli. Hivyo mtaalamu asemaye "kuna kivuli pafu la kulia" ana maana ya weupe, na msikilizaji wake anatafuta weusi. Wengine husema "doa". Neno hili ni zuri kwa kitu kidogo chenye mpaka, lakini lina harufu ya aibu, maana doa ndilo linalochafua nguo na jina la mtu, na kwa muda mrefu limeambatanishwa na kifua kikuu. Kuna jamaa ambao wakisikia doa huanza kutenga vikombe.

Napendelea "weupe". Ni neno lisemalo kile kionekanacho na kukomea hapo. Weupe ukiwa hafifu, hata mishipa ya damu ikaonekana kupitia ndani yake, twaweza kusema "ukungu". Ukiwa mzito hata ikafichika, twasema "weupe mzito". Chanzo chake, kama ni maji au usaha au damu au pafu lililonywea, hicho ni hukumu nyingine, na yafaa itamkwe kwa neno lingine.

Haya si mashaka yetu peke yetu. Wataalamu wa nchi za Magharibi wenye kutumia Kiingereza walikuwa kwa miaka mingi na neno lenye maana ya kitu kilichopenya au kujipenyeza katika pafu, nao walilitumia kwa kila weupe wasioujua. Mmoja alimaanisha nimonia, mwingine alimaanisha maji, wa tatu hakumaanisha lolote ila kwamba ameona kitu. Chama cha Fleischner, chama cha wataalamu wa picha za kifua kilichoanzishwa 1969, kilitoa faharasa ya istilahi mwaka 1984, na katika faharasa ya mwaka 2008 kikashauri neno hilo liachwe kwa sababu watu hawaafikiani juu ya maana yake, na badala yake itumike istilahi ya kueleza tu kwamba mahali fulani hapakupitisha mionzi. Tungaliharakisha kulifasiri neno lile la zamani, tukapata tuseme "mpenyezo", leo tungekuwa na istilahi sanifu ya dhana ambayo wenyewe wameitupa. Kukawia kwetu mara hii kumetufaa.

MAJI

Sasa nafika kwenye kiini cha makala. "Mgonjwa wako ana maji kwenye mapafu." Sentensi hii husikika kila siku, nayo yaweza kuwa na maana mbili zilizo mbali kama mashariki na magharibi.

Maana ya kwanza ni kwamba nyama ya pafu yenyewe imelowa. Pafu ni kama dodoki: limejaa vifuko vidogo mno vya hewa, na kati yake hupita mishipa myembamba ya damu. Moyo ukishindwa kusukuma damu iliyoujia, au kuta za mishipa hiyo zikiharibiwa na maradhi makali, maji ya damu huvuja na kuingia katika vifuko. Picha huonyesha weupe pande zote mbili, pengine ukitanda kutoka katikati mfano wa mbawa za popo. Tiba yake ni dawa ya kumfanya mgonjwa akojoe maji yaliyozidi, kuusaidia moyo, na mara nyingi kusukuma hewa kwa mashine ili vifuko visifunge. Hakuna cha kutoboa hapo.

Maana ya pili ni kwamba maji yamekaa nje ya pafu. Pafu limevikwa utando mwembamba, na ukuta wa kifua kwa ndani umevikwa utando mwingine. Baina ya tando hizo mbili kuna nafasi ndogo mno yenye unyevu wa kulainisha tu. Kifua kikuu, saratani, nimonia, na hata moyo ulioshindwa, vyaweza kuijaza nafasi hiyo kwa maji mpaka lita kadhaa. Maji hayo hulibana pafu kutoka nje. Yakiwa mengi, tiba ni kupitisha sindano au mpira baina ya mbavu na kuyatoa.

Fikiri basi itakuwaje pale ambapo mtu wa zamu ya usiku ameambiwa "ana maji kwenye mapafu, ayatolewe", naye akaelewa maana ya pili ilhali ya kwanza ndiyo iliyokusudiwa. Sindano itaingia katika pafu lililolowa na linalosukumiwa hewa na mashine. Pafu litatoboka, na hewa itavuja ikajaa kifuani. Kinyume chake, mgonjwa mwenye lita mbili za maji nje ya pafu aweza kupewa dawa ya kukojoa usiku kucha, figo zikachoka, na maji yakabaki pale pale. Na picha ya kitandani haitusaidii kama tungependa. Kwa mtu aliyesimama maji ya nje hushuka chini, na yakifika kama mililita 200 huziba ile pembe kali iliyo baina ya mbavu na kiwambo. Kwa mgonjwa aliyelala chali maji hayo hujitandaza mgongoni mwa pafu kama shuka, yakaleta ukungu upande mzima, na mamia ya mililita yaweza kupita bila kutambuliwa. Ukungu huo hufanana na wa pafu lililolowa. Kwa hiyo neno la msomaji wa picha lina kazi kubwa zaidi hapo ambapo picha ni dhaifu.

Nini kifanyike? Dosari haiko katika neno "maji". Iko katika "kwenye". Neno hili la mahali, kama "-ni" katika "mapafuni", halitofautishi ndani na kando. Mtu aliye "kwenye nyumba" aweza kuwa chumbani au kibarazani. Napendekeza hali ya kwanza iitwe "pafu kulowa", na kwa nomino, iwapo nomino yatakiwa, "mlowo wa pafu". Hali ya pili iitwe "maji kando ya pafu". Wapo watakaosema kwamba istilahi ya pili ni kirai, wala si neno, na kwamba istilahi nzuri ni ile fupi. Ni kweli kuwa ufupi ni sifa. Lakini tazama faida ya kirai hiki. "Kando ya pafu" ni mahali, na mahali hapo paweza kuingia vitu vinne: maji, usaha, damu na hewa. Tukisema "maji kando ya pafu", "usaha kando ya pafu", "damu kando ya pafu" na "hewa kando ya pafu", tumeyapata magonjwa manne kwa fremu moja, na anayelijua moja ameyajua yote. Katika lugha za Ulaya kila moja lina jina lake la Kigiriki, na mwanafunzi huyakariri manne.

Kuna nyongeza ndogo. Eksirei haiwezi kutofautisha maji, usaha na damu. Vyote ni vyeupe kwa kadiri moja. Kinachotofautisha ni sindano na bomba la sindano lililoshikwa mbele ya mwanga. Kwa hiyo taarifa ya picha iseme "kiowevu kando ya pafu", na neno maji, usaha au damu lingoje mpaka kiowevu kimeonekana kwa macho.

HEWA, NA PAFU LILILONYWEA

"Hewa kwenye mapafu" ni usemi mbaya zaidi, kwa sababu hewa kwenye mapafu ndiyo afya. Nimeshasema kwamba tuite "hewa kando ya pafu". Hewa hii ikiwa na mlango wa kuingilia usio wa kutokea, huongezeka kila pumzi, hulikandamiza pafu, husukuma moyo upande wa pili na kuzuia damu isirudi moyoni. Mgonjwa aweza kufa kwa dakika chache. Hiyo yastahili jina lake, "hewa kandamizi", nalo ni jina la kupigiwa kelele wodini: ni hali itambulikayo kwa dalili na kutibiwa papo hapo kwa sindano, na mgonjwa hapaswi kungojeshwa picha.

Kwa aliyesimama hewa hupanda kileleni mwa kifua na huonekana kwa urahisi. Kwa aliyelala chali sehemu ya juu ni ya mbele, chini karibu na kiwambo, na hewa hukusanyika hapo. Alama yake ya pekee yaweza kuwa ile pembe ya mbavu na kiwambo kuonekana nyeusi na kuzama chini kupita kiasi. Twaweza kuiita "pembe iliyozama".

Kiingereza hutumia neno moja, lenye maana ya kuanguka au kuporomoka, kwa pafu lililobanwa na hewa na kwa pafu lililokosa hewa kwa kuzibwa njia. Baadhi yetu tumekwisha kuanza kusema "pafu limeanguka", jambo ambalo halimwambii Mswahili chochote isipokuwa kwamba pafu liko sakafuni. Hapa vitenzi vyetu vina utajiri wa kutosha. Pafu ambalo njia yake imezibwa na makohozi, na hewa iliyobaki ndani ikanyonywa na damu, "limenywea", kama mtu anavyonywea kwa ugonjwa au mpira wa kuchezea unavyonywea kwa kukaa. Pafu lililosukumwa na hewa au kiowevu kutoka nje "limebanwa". Na picha huonyesha tofauti hiyo waziwazi ikiwa imekolea: pafu lililonywea huuvuta moyo upande wake, hali kitu kilicholibana pafu huusukuma moyo upande wa pili. Basi muuguzi aliyeambiwa "moyo umevutwa kushoto" atafikiria makohozi na kuandaa mashine ya kuyanyonya. Aliyeambiwa "moyo umesukumwa kushoto" atatafuta sinia la kutobolea ubavu wa kulia. Neno "umehama" halina msaada wowote kwa yeyote kati yao.

Kushoto na kulia ziwe daima za mgonjwa. Picha hutazamwa kana kwamba mgonjwa amesimama mbele yetu, hivyo kulia kwake ni kushoto kwetu.

MIPIRA

Nyingi za picha za kitandani hazipigwi kwa ajili ya ugonjwa. Hupigwa ili kujua mipira iliyoingizwa mwilini imefika wapi. Hapa tuna maneno mengi: neli, bomba, mrija, mpira, paipu. Napendekeza "mrija" libaki kwa njia za asili za mwili, na "mpira" kwa kile kilichoingizwa na mtu. Najua kwamba siku hizi vingi ni vya plastiki. Lakini kalamu nayo kwa asili yake ya Kiarabu ilikuwa utete, na hakuna aliyeiacha kwa kuwa sasa ni ya chuma.

Neno "koo" ndilo la hatari. Koo ni mahali pa chakula na pa pumzi pia, na mtu hupaliwa kwa sababu hiyo hiyo. Ndani yake kuna njia mbili: umio, upitishao chakula, na mrija wa pumzi. Kusema "mpira wa koo" ni kutosema kitu. Iwe "mpira wa pumzi" na "mpira wa chakula". Mpira wa pumzi hushuka mpaka karibu na mahali mrija unapogawanyika matawi mawili, mahali ambapo napenda paitwe "panda", kama panda ya mti au njia panda. Ncha ya mpira yapasa kuwa kama sentimita tatu hadi tano juu ya panda, shingo ikiwa imenyooka. Mgonjwa akiinamisha kichwa ncha hushuka kwa kadiri ya sentimita mbili, akikiinua hupanda. Ukishuka mno huingia tawi la kulia, kwa kuwa tawi hilo ni pana na limesimama zaidi kuliko la kushoto. Pafu la kushoto hukosa hewa na kunywea. Mpira wa chakula nao sharti uonekane umeipita panda ukielekea chini moja kwa moja, ukavuka kiwambo na kuingia upande wa tumbo. Ukifuata tawi mojawapo la pumzi, uji utamiminwa pafuni. Hakuna taarifa ya picha iliyo fupi na yenye uzito kama ile isemayo "mpira wa chakula haujavuka kiwambo".

Hali kadhalika mashine. "Mashine ya kupumulia" siku hizi ni jina la chochote kilicho na mpira na oksijeni, na katika miaka ya 2020 na 2021, wakati wa UVIKO-19, wengi walilitumia hata kwa barakoa ya oksijeni. Mwenye barakoa anapumua mwenyewe. Mwenye mpira wa pumzi anapumuliwa. Kinyambuo cha kusababisha kingetufaa zaidi: "mashine ya kupumulisha".

SAUTI MAHALI PA MIONZI

Tangu miaka ya 1990, na hasa baada ya daktari Mfaransa Daniel Lichtenstein kutangaza mwaka 2008 utaratibu wake wa kupima mapafu ya mgonjwa anayehema kwa shida, mawimbi ya sauti yamechukua sehemu ya kazi ya eksirei kitandani. Hapo kale ilidhaniwa kwamba pafu halipimiki kwa sauti kwa kuwa limejaa hewa. Ikaonekana kwamba vivuli na miangwi yenyewe ina habari. Pafu zima huonekana likiteleza chini ya mbavu kwa kila pumzi. Pakiwapo hewa kando ya pafu, mtelezo huo hutoweka. Pafu lililolowa hutoa mistari ing'aayo ishukayo wima mpaka chini ya kioo, nasi twaweza kuiita "mistari wima" bila kuhangaika na mikia ya nyota ambayo wenzetu waliifananisha nayo. Na kiowevu kando ya pafu huonekana cheusi, wala si cheupe kama katika eksirei. Jambo la kuangaliwa sana na wale watakaotumia neno "weupe". Yaani lile swali ambalo picha ya eksirei ya kitandani hulijibu kwa ukungu, kwamba maji yako ndani au kando, hapa hujibiwa waziwazi, na istilahi mbili tulizopendekeza zapata kazi yake kamili.

Ishara moja ya kipimo hiki yafaa itajwe kwa kuwa imetujia ikiwa tayari imevaa kanzu yetu. Picha ikichorwa kwa kufuata muda, ukuta wa kifua usiosogea hutoa mistari iliyolala kama bahari shwari, na pafu litelezalo chini yake hutoa chembechembe kama mchanga. Waliiita ishara ya ufuko wa bahari. Kwa mtu wa Pwani hakuna cha kufasiri. Mchanga ukipotea na bahari ikatanda pote, mtelezo umetoweka, na hewa kando ya pafu yapaswa kushukiwa.

Zamani ilikuwa desturi katika hospitali nyingi za Ulaya na Marekani kumpiga picha kila asubuhi kila mgonjwa aliye kwenye mashine. Uchunguzi uliofanywa katika wodi 21 za Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba picha zikipigwa pale tu penye sababu, idadi yake hupungua kwa karibu theluthi moja, bila wagonjwa kudhurika. Hapa pia tunahitaji jina. "Picha ya kila siku" ni wazi. Kwa ile nyingine mtu angesema "picha ya haja", lakini neno hilo hospitalini limekwisha kushikwa na msalani. Iwe "picha ya sababu", nayo imlazimishe anayeiagiza kuiandika hiyo sababu.

Limebaki neno moja dogo, ambalo pengine ndilo lisemwalo zaidi kuliko yote tuliyoyajadili. Picha ya leo ikilinganishwa na ya jana na kuonekana haikubadilika, daktari husema, "Picha iko sawa." Kwake yeye sawa ni kulingana: weupe wa jana ndio weupe wa leo. Kwa muuguzi aliyeshika zamu sasa hivi, na kwa binti aliyekaa kwenye benchi tangu alfajiri, sawa ni salama. Yeye hupiga simu nyumbani kwamba baba kapona kifua. Kadhalika "picha ni safi", ambayo mpigapicha huitumia kwa maana kwamba imetoka vizuri na mgonjwa hakutikisika, hali msikilizaji huelewa kwamba mapafu hayana kitu. Napendekeza kwamba katika taarifa za picha neno "sawa" lisitumike kabisa. Isemwe "haikubadilika tangu jana", na, ikiwa ndivyo, "mapafu hayakuonyesha kasoro". Na picha iliyotoka vizuri iitwe "inayosomeka".